Kabla ya Duka la Sigara

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alinirudishia kitabu nilichomwazima tangu Ramadhani. "Shangazi, hadithi yenyewe nimeshaitazama," akasema, akanionyesha kwenye simu: wanawake wamepanga mstari, majoho mekundu, kofia nyeupe zimewaziba macho pembeni. Picha nzuri, sikatai. Lakini nilijiona kama mtu aliyepika pilau tangu alfajiri, mgeni akanusa mvuke, akaaga.

Kitabu ni The Handmaid's Tale cha Margaret Atwood wa Kanada, kilichotoka 1985. Alianza kukiandika mwaka 1984 akiwa Berlin Magharibi, ukuta ungali umesimama, kwa mkono kwenye karatasi za manjano, kisha akakipiga chapa kwa mashine ya kukodi yenye herufi za Kijerumani. Alijiwekea sharti moja: asitie humo ukatili wowote ambao wanadamu hawajapata kuutenda. Msusi wa mkeka haumbi ukindu, anauchuma ulikoota. Romania ilikwisha kuwawekea wanawake marufuku ya kutoa mimba tangu 1966. Watawala wa kijeshi wa Argentina walikwisha kuwapokonya wafungwa watoto wao wachanga na kuwagawia wengine. Atwood alisuka tu. Tu! Hebu jaribu wewe.

Kinachonirudisha mimi kitabuni si majoho. Ni duka la sigara.

Mwanamke anayesimulia hadithi anaingia dukani asubuhi kama siku zote. Mama muuzaji aliyemzoea hayupo, yupo kijana asiyemjua. Anatoa namba yake ya benki, mashine inaikataa. Anairudia, inaikataa. Mchana huohuo mkuu wa maktaba anayofanyia kazi anawaachisha wanawake wote, watu wenye bunduki wamesimama nje. Jioni anaelewa: akaunti za wanawake zimefungwa, na fedha zake sasa mumewe ndiye mwenye idhini nazo. Hapana damu, hapana kelele. Kijana wa dukani hata hakupandisha sauti.

Kisha mume anarudi nyumbani. Si mtu mbaya. Anampenda mkewe, anamkumbatia, anamwambia asihofu, atamtunza. Na mke, akiwa kifuani mwa mwanamume huyo mwema, anaanza kushuku kwamba jambo hili halimuumi mwenzake kama linavyomuumiza yeye. Pengine hata limempendeza kidogo. Hamuulizi. Anaogopa jibu.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mwandishi mwingine angempa mume yule kofi la kumpiga mkewe, nasi tungepumua, maana wa kumchukia tungekwisha kumjua.

Picha ya simu itaonyesha kumbatio. Ule ushuku, sijui itauonyesha wapi.

Halafu kuna mwisho, ambao wasomaji wa siku hizi huuruka wakidhani ni maelezo ya mchapishaji. Mwaka 2195 wasomi wamekutana kwenye kongamano. Kumbe simulizi lote lilikuwa sauti kwenye kanda za kaseti zipatazo thelathini, zilizofukuliwa Bangor, jimbo la Maine. Kila kanda inaanza kwa nyimbo mbili tatu za kuficha, ndipo mwanamke anasema. Mpangilio wa kanda ni makisio ya maprofesa wawili wanaume. Mmoja wao anatania, ukumbi unacheka, na muda mwingi anaupoteza kumtafuta bwana mkubwa aliyemmiliki mwanamke yule alipokuja kufanywa mjakazi. Jina halisi la mwanamke halimsumbui sana.

Nilitaka kumsimulia binti yetu haya yote. Alikuwa ameshavaa viatu.

Usiku nikakifungua kitabu. Tiketi ya basi aliyowekea alama ilikuwa bado humo, kurasa mbili kabla ya duka la sigara.