Suruali Pana ya Safari: Ikague Msambani Kwanza

Suruali pana haihukumiwi ikiwa imetundikwa. Kwenye hanga, kila palazo ya dukani Bungoma inapendeza. Ubaya wake hujitokeza ukifika Kamukuywa, njiani kuelekea Kitale, matatu ikiwa imejaa na magoti yako yamekaribia kidevu.

Wajapani walikabiliana na shida hii zamani. Hakama yao ni vazi pana lenye marinda saba, matano mbele na mawili nyuma, linalofungwa kiunoni kwa kamba ndefu. Ile iitwayo umanori imegawanywa miguu miwili ili mvaaji aweze kupanda farasi. Hata hivyo, msafiri wa kwetu ana mengi zaidi ya kujifunza kutoka kwa monpe, suruali ya wanawake wakulima, pana mapajani na iliyobanwa vifundoni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Japani iliwahimiza wanawake waivae. Aliyeibuni alimfikiria mtu anayeinama na kuchuchumaa mchana kutwa, na mimi hupima kila suruali pana kwa mtu huyo huyo.

Basi anzia msambani. Geuza suruali, upande wa ndani uwe nje, utazame pale mishono ya miguu inapokutana. Ikiwa mishono yote minne imekutana mahali pamoja bila chochote cha kuisaidia, hapo ndipo itakapopasuka. Suruali iliyoshonwa kwa akili ina kipande cha ziada katikati ya mapaja, chenye pembe tatu au nne, kinachopokea mvuto wa kuchuchumaa usiuangukie uzi peke yake. Fundi hukiruka kwa sababu kinamla muda, wala si kwamba kinamaliza kitambaa. Mwongezee pesa kidogo akishone. Kuna mafundi wengine wanaouteremsha msamba hadi karibu na magoti, wakidhani huko ndiko kufuata Ujapani. Suruali hiyo itakufunga hatua mlangoni mwa basi. Ijaribu kwa kupandisha mguu mmoja juu ya kiti: ikivuta mguu wa pili, iache.

Marinda nayo husema ukweli kuhusu fundi. Simama wima, utulie. Marinda mazuri hubaki yamefumba, yakafunguka tu unapotembea. Yakiwa wazi ilhali umesimama, ujue kitambaa kilibanwa nyongani ili kuokoa nusu yadi. Tazama pia kama yameshonewa chini inchi mbili tatu kutoka kiunoni. Rinda lililoachwa huru kuanzia juu kabisa hufanya tumbo lionekane limevimba, na pasi haiwezi kulirekebisha.

Kitambaa kinahitaji subira zaidi, maana safari ya hapa ina hali mbili za hewa. Bungoma kuna joto la kutosha. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake inauma. Pamba ya uzito wa kati ndiyo chaguo langu. Pamba iliyochanganywa kidogo na poliesta haina aibu, kwani hukunjamana kidogo baada ya usiku mzima wa basi la Nairobi. Poliesta tupu hung'ang'ania mapaja na kutunza jasho, hata muuzaji aisifu vipi. Finya kitambaa ngumini kwa muda mfupi, kisha kiachie uone kama mikunjo inabaki. Kisha kinyooshe mbele ya mwanga. Kama unaziona nondo za dirisha la duka kupitia kwake, abiria wenzako nao wataona mengine. Halafu shika mguu mmoja wa suruali, ulinganishe mshono wa ndani na wa nje, uuache uning'inie. Ukijipinda, kitambaa kilikatwa mshazari, na kila ukifua utazidi kuzunguka.

Kiunoni, lastiki nyuma na kamba mbele ndio mpango bora. Lastiki inayozunguka kiuno kizima hukata mtu aliyekaa kwa saa nane. Mifuko iwe na kina cha kumeza kiganja chote, mmoja uwe na zipu kwa ajili ya simu, na pembe zake ziwe zimekazwa kwa mishono ya kurudia.

Kuhusu pindo sina huruma. Suruali inayofagia chini ni hatari kwenye bodaboda, ambako mnyororo na spoku zinasubiri kitambaa chochote kinachopepea, na ni karaha katika choo cha kuchuchumaa cha stendi. Ikomee juu ya kifundo, vidole vinne hivi, au iwe na kamba ya kuibana kama monpe.

Wapenzi wa mitumba wasikate tamaa. Hata nguo ya kamera, ile ya kwanza kutolewa kwenye robota, huwa imechakaa katikati ya mapaja kabla ya mahali pengine popote. Iinue mbele ya jua usawa wa msamba. Pakiwa pamepauka au nyuzi zimelegea, usilipe bei ya kamera.

Mwisho, chuchumaa ukiwa umeivaa, palepale dukani, bila kuona haya. Muuzaji akikukataza, mrudishie suruali yake uende duka la pili.