Ami, Mjomba na Daftari la Madeni

Aliyenifundisha kumsoma Abdulrazak Gurnah ni mama yangu, naye hakuwa amewahi kulisikia jina la mwandishi huyo kabla ya jioni ile. Macho yake hayavumilii tena maandishi madogo, kwa hiyo nilikuwa namsomea kwa sauti Peponi, riwaya ya Paradise kama ilivyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Tulikuwa kurasa za mwanzo kabisa. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anamngojea mgeni tajiri ambaye kila akija hupikiwa vizuri, hula, hupumzika, na wakati wa kuondoka humtilia mtoto mkononi sarafu ya anna kumi. Mtoto anafurahia sarafu yake, na msomaji anafurahi pamoja naye. Mama akainua mkono, nikanyamaza.

"Huyo mgeni anawadai," akasema.

Nilimuuliza kajuaje. Akanijibu kwamba mgeni anayekula vizuri kuliko wenyeji, na kila mara, ana lake jambo katika nyumba ile. Kisha akaniambia niendelee.

Kurasa chache mbele Yusuf anapandishwa treni pamoja na mgeni yule kwenda pwani, na polepole tunafahamu kuwa hakuchukuliwa matembezi. Baba yake amezama katika deni, hana cha kulipa, na mtoto amewekwa rehani. Mfanyabiashara Aziz, ambaye Yusuf amezoea kumwita kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake, hana udugu naye hata chembe.

Miezi kadhaa kabla ya jioni hiyo nilikuwa nimekwisha kuisoma riwaya hiyo hiyo kwa Kiingereza. Nilikuwa nimevutiwa na bustani yenye mifereji ya maji, na misafara ya biashara inayokwenda bara, na milima. Ile sarafu niliipita tu. Niliiona kama pambo la utotoni, kumbe ilikuwa stakabadhi. Tangu siku hiyo nimemrudia Gurnah kitabu baada ya kitabu, na kila mara ninajifunza jambo lile lile: huyu ni fundi anayeuweka ukweli mezani mbele ya macho yetu, halafu anatungojea.

Lazima niseme kwamba nilichelewa kumjua. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa kuwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa mzaliwa wa Zanzibar, nilifurahi kama wengine. Kesho yake nikaingia duka la vitabu kuuliza kazi yake yoyote, na hapakuwa na hata moja. Wakati huo mtu huyu alikuwa amekwisha kuandika riwaya kumi. Ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987; ya kumi, Afterlives, mwaka 2020. Paradise iliingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994, ikatajwa, kisha dunia ikaendelea na mambo yake. Alizaliwa mwaka 1948, akaondoka Zanzibar akiwa kijana wa miaka 18, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Kule Uingereza alifanya kazi za mikono hospitalini, akasoma, akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Muda wote huo alikuwa akiandika, bila kelele, kwa mwendo wa mtu anayejua kuwa kazi yake haina njia ya mkato.

Baada ya tuzo tulilishika jina lake upesi. Vitabu vyenyewe bado vinatungoja, na ndiyo maana ninataka kueleza kwa utulivu namna vilivyotengenezwa.

Nianze na neno alilolitumia kama msingi wa nyumba. Kiingereza kina jina moja tu kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakimwachii mtu apite hivyo hivyo: lazima useme kama ni ami au ni mjomba, kama udugu unapita kwa baba au kwa mama. Katika Paradise, Yusuf analitumia neno la udugu bila shaka yoyote, na mwandishi hamsahihishi. Anayemsahihisha ni Khalil, kijana mkubwa kidogo aliyemtangulia katika rehani hiyo hiyo na ambaye sasa anauza katika duka la tajiri. Kila Yusuf akiteleza, Khalil anamrudi: mtu huyu aitwe Seyyid. Mwanzoni unamwona Khalil kuwa mkali bure. Baadaye unatambua kwamba anamfanyia mdogo wake wema mkubwa kuliko wote. Anamfundisha kuita kitu kwa jina lake.

Hapo ndipo ufundi wa Gurnah unapokaa. Hatoki mbele kueleza kwamba mfumo wa rehani ulikuwa dhuluma. Anachukua neno ambalo sote tunaliamini, neno la mezani na la salamu, na kuliacha litembee katika kitabu mpaka limchome mtu. Aziz si katili wa hadithini: sauti yake ni ya upole, adabu zake hazina dosari, na marashi yake yanakufikia kabla yake. Upole wake ndio unaotisha, kwa sababu ni upole wa mtu ambaye daftari lake limo mfukoni.

Mama alikuwa na jambo jingine la kungojea. Mfanyakazi kijana mwenye sura nzuri, mke wa tajiri anayemtamani, kanzu inayochanwa kwa nyuma: alikwisha kujua kwamba anasikilizishwa kisa cha Nabii Yusuf, na alijua kinavyokwisha. Yusuf wa Qurani hutoka gerezani akakabidhiwa hazina ya nchi. Mama aliungojea mlango huo ufunguke. Gurnah anaujenga mlango, anatuonyesha kitasa chake, halafu anamleta Mjerumani na askari wake, na Yusuf anafanya uamuzi ambao haumo katika kisa kitukufu. Ni lazima mwandishi akijue kisa kile vizuri sana, na akiheshimu, ndipo aweze kulitumia tumaini letu kwa namna hiyo.

Nilipoanza kusoma vitabu vingine niliona kwamba fundo hili la udugu hakulifungua mara moja akaliacha. Amelirudia miaka yote, kila mara kutoka upande mwingine. Katika Afterlives, riwaya ya miaka 26 baadaye, Afiya ni mtoto anayelelewa na watu anaowaita kwa majina ya udugu. Kaka yake Ilyas anatokea, anamwambia kwamba hawa si ndugu zao, anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika. Kisha Ilyas anakwenda kupigana upande wa Wajerumani na kumrudisha mtoto kule kule. Yule aliyemlea anagundua kuwa binti anajua kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono. Kinachomwokoa Afiya ni kikaratasi cha maneno machache anachofanikiwa kumpelekea Khalifa, rafiki wa kaka yake, karani wa mjini mwenye maneno mengi na moyo laini. Khalifa anakuja kumchukua, na mtu huyu asiyechangia naye damu ndiye anayekuwa baba.

Tazama alivyoligeuza neno. Katika Paradise jina la udugu lilificha deni. Hapa, jina la udugu linazaliwa upya kutokana na kitendo. Gurnah hadharau udugu, anaupima. Kwake mtu hawi baba kwa kuitwa, anakuwa baba siku anapofika mlangoni.

Halafu kuna Gravel Heart, ya mwaka 2017, ambayo kwangu ndiyo inayouma zaidi. Salim ni mtoto wa Zanzibar ambaye baba yake amehama nyumbani na kwenda kuishi chumba cha kupanga. Hakuna anayemweleza kwa nini. Kila siku mama anapika, na Salim anachukua kapu la chakula kumpelekea baba. Baba anapokea, hasemi kitu. Safari hii mjomba ni mjomba kweli, Amir, ndugu wa damu wa mama, mcheshi na mtanashati, ambaye baadaye anampeleka Salim London kusoma. Msomaji anabeba lile kapu kwa kurasa nyingi bila kujua uzito wake. Miaka inapita. Mama anafariki, Salim anarudi, na ndipo baba anapofungua kinywa: Amir aliwahi kutiwa ndani, na bei ya kumtoa ilidaiwa na mkubwa wa serikali kutoka kwa dada yake, kwa njia ambayo mume hakuweza kuishi nayo. Lile kapu la kila siku lilikuwa toba, lilikuwa mapenzi, na lilikuwa malipo yasiyokwisha.

Sarafu ya Aziz, kikaratasi cha Afiya, kapu la Salim. Mwandishi mwenye haraka angetueleza maana ya kila kimoja papo hapo. Gurnah anakikabidhi kitu kwa mkono wa mtoto na kumwacha mtoto akibebe.

Katika By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, kitu chenyewe ni kikasha cha udi. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, naye ananyamaza. Ofisa wa uhamiaji anapekua mizigo yake, anakikuta kikasha, anakichukua. Msomaji asiyeujua udi ataona harufu nzuri imeporwa. Sisi tunaoujua tunaelewa kwamba kilichochukuliwa ni arusi, ni maziko, ni nguo zilizofukizwa, ni chumba cha mgeni wa heshima. Na ule udi wenyewe ulitoka kwa mfanyabiashara wa Ghuba ambaye mkopo wake, uliodhaminiwa kwa nyumba ya watu, ndio uliozivunja familia mbili. Mzee anapohitaji mkalimani, anatafutwa msomi mmoja wa London, Latif Mahmud, mtoto wa yule ambaye jina lake mzee amelivaa. Watu wawili wenye hesabu ya miaka zaidi ya 30 wanaketi katika mji wa pwani ya Uingereza na kuanza kusimuliana. Kila mmoja ana nusu ya habari, na kila mmoja alikuwa ameiamini nusu yake kuwa nzima.

Usimulizi huu wa nusu kwa nusu ndio unaoniteka kuliko vyote. Huko Zanzibar, kofia nzuri ya mkono hushonwa kwa vitobo. Mshonaji hutoboa tundu dogo, kisha hulizungushia uzi kwa subira mpaka ukingo wake uwe imara, halafu lingine, halafu lingine, na urembo wa kofia hutokea pale ambapo kitambaa hakipo. Gurnah anasimulia hivyo. Katika Desertion, ya mwaka 2005, Hassanali, muuza duka wa mji mdogo wa pwani ya Kenya, anakwenda kufungua msikiti alfajiri ya mwaka 1899 na kumkuta Mzungu aliyeishiwa nguvu. Mzungu huyo na Rehana, dada wa Hassanali, watapendana. Lakini ilikuwaje, katika mji ule, kwa macho yale yote, wawili hawa wakakaribiana? Pale msomaji anapotaka hasa kujua, msimulizi anakatisha habari na kukiri kwamba hajui. Anatuambia anachoweza kukisia na anachoogopa kukisia. Kitobo kimeachwa wazi, ukingo umeshonwa barabara, na ninayaamini mapenzi yale zaidi kwa sababu hiyo.

Subira ya namna hii hainunuliwi kwa kitabu kimoja. Kabla ya kumfikia Yusuf, Gurnah alikuwa ameandika riwaya tatu. Mwaka 2025 alitoa ya 11, Theft, na humo tena yumo kijana, Badar, anayepelekwa kutumika katika nyumba ya watu bila kuelezwa sababu. Mtu mwingine angesema anajirudia. Mimi naona fundi wa miaka 76 aliyerudi kwenye tundu lile lile kwa kuwa anajua bado halijazungushiwa uzi wote.

Tulimaliza Peponi usiku, baada ya wiki tatu. Yusuf alikuwa amekwisha kukimbia, na mimi nilikifunga kitabu nikiwa nimejiandaa kumweleza Mama habari za Vita vya Kwanza na yatakayowapata askari wale. Hakuuliza. Alikaa kimya kitambo, vidole vyake vikitembea juu ya jalada kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Rudi mwanzo, mwanangu," akasema. "Nisomee tena pale anapopewa sarafu."

Nikawasha taa ya pembeni, nikarudi mwanzo.