Mkuki wa pili: Tempels, Wazande na maji ya Lukuga

Bandugu, anayesoma falsafa huku kwetu, apende asipende, atakutana na Placide Tempels. Padri Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, alifika Kongo mwaka 1933, akaishi kati ya Waluba wa Katanga, na mwaka 1945 kitabu chake La philosophie bantoue kikachapwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nimekirudilia nikitafuta jambo moja tu: kama kila tukio liko na sababu yake, mtu anabaki na uhuru gani?

Tempels anasema kwa Muntu kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu zinagusana: moja inakuza nyingine ao inaipunguza. Ugonjwa ao kifo havikuji hivi hivi, nyuma yake kuna nguvu ya mwingine. Paulin Hountondji wa Benin alimkosoa kwa kuvika umati mzima fikra moja kama yunifomu. Kweli kabisa. Lakini mimi nabishana naye kwa jambo lingine. Ana sura ya maadili, na humo anatenganisha ubaya wa kukusudia na ule unaotoka kwa mtu bila yeye kujua. Ni vizuri. Tena, hesabu yake yote inabaki ni nani amepunguza nguvu ya nani. Yule aliyesimama mbele ya njia mbili akachagua moja, huyo simuoni vizuri.

Namuona zaidi kwa Wazande, katika kitabu cha Evans-Pritchard cha 1937. Mfano wake wa ghala unajulikana: ghala linaanguka juu ya watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande wanajua kwamba mchwa walikula nguzo. Wanajua pia kwamba watu walikaa pale juu ya jua kali. Wanachouliza ni kwa nini hayo mawili yalikutana saa ile, juu ya watu wale. Jibu lao ni ulozi, na wanauita mkuki wa pili, kama mwindaji anayechoma mnyama ambaye mwenzake amekwisha kumchoma.

Kwenye kozi tunaishia hapo, tunacheka kidogo, tunapita. Bahati mbaya, maana sehemu tamu iko mbele. Evans-Pritchard anaandika kwamba Mzande aliyesema uongo, aliyeiba ao aliyezini hawezi kujitetea kwamba alilogwa. Wenzake hawakubali. Ulozi unaweza kuangusha ghala, lakini hausemi uongo kwa kinywa chako! Watu hao ambao tunasema wanaona ulozi kila mahali walikuwa wameweka mpaka, na ndani ya mpaka ule kila mtu anajibu mwenyewe.

Sisi wenye diplome tumeuvuka. Hatusemi tena « balimuloga ». Tunasema « ni sisteme ». Mwenzetu anaomba pesa kwa mwanafunzi ili ampatie pointi, ukimuuliza anakujibu mishahara haikuji, nchi njo iko vile, ukoloni ulituharibu. Sababu hizo ni za kweli, sizikatai hata moja. Mchwa pia walikuwa wa kweli. Lakini asistanti mwingine, mwenye mshahara uleule usiokuja, hajaomba kitu.

Tuangalie hapa Kalemie. Ziwa lilipopanda miaka hii na maji kuingia kwenye nyumba, mkuki wa kwanza tuliujua: mvua nyingi, na Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya Tanganyika, unaojaa udongo na majani. Si jambo jipya. Cameron aliukuta mwaka 1874 umezibwa na mimea, na miaka michache baadaye maji yakajifungulia njia. Kisha mama mmoja wa kando ya ziwa anauliza: juu ya nini sisi? Wengine wanamjibu Mungu njo anajua, wengine wanatafuta mlozi.

Swali lake ni zuri kuliko majibu anayopewa. Mvua haikupima parseli. Kuna mtu aliyeigawa ardhi ile karibu na maji, mwingine akasaini karatasi, mwingine akapokea pesa, na kila mmoja angeweza kukataa. Mkuki wa pili upo, na una majina ya watu.

Na yule aliyenunua? Hapo naenda polepole. Mtu aliyekimbia vita vya Watwa na Waluba, akafika mjini na watoto na pesa kidogo, aliona parseli moja tu aliyoiweza. Kumwambia « ulichagua » ni kumtukana, na kumwambia hakuwa na uhuru wowote ni kumgeuza kuwa nguzo iliyoliwa na mchwa. Alichagua ndani ya nafasi ndogo ambayo wengine walikuwa wamemwachia, na wale wengine walikuwa na nafasi kubwa. Tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo ningependa mtu aiandikie memuare.