Jenasi Mpya kama Hoja: Uhakiki wa Ufafanuzi wa Tegu wa Samaki wa Baharini

Ufafanuzi wa jenasi mpya ya tegu huandikwa kwa mtindo mkavu: umbo la kichwa, idadi ya korodani katika kila pingili, mahali pa tundu la uzazi, jina la samaki mwenyeji na makumbusho zilikohifadhiwa sampuli. Mtindo huo humfanya msomaji aione jenasi kana kwamba imeokotwa baharini. Kinachookotwa ni mnyoo. Jenasi ni hoja kuhusu udugu wa spishi, na inapaswa kupimwa kama hoja.

Mfano mzuri ni *Litobothrium aenigmaticum*, aliyefafanuliwa mwaka 2014 na Caira na wenzake kutoka katika utumbo wa papa *Alopias pelagicus*. Kichwa chake hakifanani na vya ndugu zake. Kwa kigezo cha umbo pekee, jenasi mpya ingeteteleka. Hata hivyo, ushahidi wa DNA ulimweka miongoni mwa spishi za *Litobothrium*. Kumtenga kungevunja ukoo mmoja. Wafafanuzi walifanya vyema kujizuia. Gharama yake ni kwamba jenasi yenye maumbo yaliyoachana kiasi hicho ni vigumu kuitambua kwa hadubini pekee.

*Adenocephalus* ni mfano wa kinyume. Jenasi hii ilipendekezwa na Nybelin mwaka 1931, kisha ikamezwa na *Diphyllobothrium*, hadi Hernández-Orts na wenzake walipoirejesha mwaka 2015 kwa ushahidi wa umbo na wa DNA. Tegu wake hukomaa ndani ya sili, na humwambukiza binadamu, hasa nchini Peru, kwa njia ya samaki wa baharini wanaoliwa wabichi. Alipowekwa jenasi moja na tegu mpana wa samaki wa maji baridi, jina halikudokeza tofauti ya ukoo wala ya chanzo cha maambukizi.

Kwa hiyo, udhaifu wa fafanuzi nyingi hauko katika vipimo, bali katika kunyamazia hoja. Haitoshi kuonesha kwamba mnyoo ni tofauti. Mfafanuzi anapaswa kuonesha pia kwamba jenasi ya zamani inabaki ukoo kamili baada ya spishi hiyo kuondolewa, na kwamba mtafiti mwingine, akiwa na sampuli ileile, anaweza kuikagua hukumu hiyo na hata kuipinga.