dwm: eneokazi la kushonesha, na viraka vyake

Ukiwasha dwm kwa mara ya kwanza utadhani kuna kitu kimekufa. Skrini nyeusi, utepe mwembamba juu wenye namba 1 hadi 9, na basi. Hakuna menyu, hakuna alama ya betri, hakuna saa. Bofya katikati ya skrini uone: hakitokei kitu. Lazima uwe umeshasoma mahali kwamba Alt, Shift na Enter kwa pamoja hufungua terminali, na kwamba terminali yenyewe, iitwayo st, ulitakiwa kuikompaili kando.

Niliandikia tasnifu yangu ya uzamili humo humo, kwa hiyo naisema kama mtu wa nyumbani.

dwm ni programu ya kupanga madirisha kwenye Linux. Ilianzishwa mwaka 2006 na Anselm R. Garbe, chini ya mradi wa suckless. Imeandikwa kwa lugha ya C, na wenyewe wamejiwekea sheria kwamba msimbo wake usizidi mistari 2,000. Haina faili la mipangilio inalolisoma ikiwaka. Rangi, fonti, vitufe, vyote vimo ndani ya faili la C liitwalo config.h. Unataka kitufe cha Windows badala ya Alt? Badilisha Mod1Mask iwe Mod4Mask, andika make, sakinisha, toka, ingia tena. Kukompaili kunachukua sekunde chache tu hata kwenye laptopu ya mtumba. Ukisahau mkato mmoja, kompaila inakufokea na hupati kitu.

Sasa, kilichonifanya niipende ni zile namba tisa. Wengi hudhani ni meza tisa za kazi kama kwenye mifumo mingine. Siyo, ni lebo. Kila dirisha limebeba namba moja, na kila biti ya namba hiyo ni lebo yake. Dirisha lenye lebo ya 1 na ya 3, ukiliandika kwa sifuri na moja tupu, ni 000000101, yaani 5. Skrini nayo ina namba yake, inayosema lebo zipi zinaonekana saa hii. dwm inazipanga namba hizo mbili na kulinganisha biti kwa biti: pale ambapo zote zina 1, jibu ni 1, kwingine ni 0. Jibu zima likiwa sifuri, dirisha linafichwa. Likiwa kitu kingine chochote, linaonyeshwa. Ndo yote, na kwenye msimbo ni mstari mmoja! Kwa mtumiaji maana yake ni kwamba makala moja ya PDF inaweza kukaa kwenye lebo ya kuandikia na kwenye lebo ya uchambuzi wa data, bila kuifungua mara mbili.

Kingine ni orodha-unganishi. Nilifundishwa darasani, nikafaulu mtihani, nikasahau. Nilizielewa hapa. dwm inayafunga madirisha yako kwenye minyororo miwili: mmoja wa mpangilio wa kwenye skrini, mwingine wa dirisha gani ulilishika mwisho. Ndiyo maana ukifunga moja, kazi inarudi kwa lile ulilotoka kulitumia na siyo kwa jirani yake. Leseni za programu huria zinaturuhusu sote kusoma na kubadili msimbo wa GNOME pia, lakini nani ataumaliza? dwm.c unaimaliza wikiendi moja, kalamu mkononi.

Haya, lawama. Hiyo mistari 2,000 ni hesabu ya nguo kabla haijavaliwa. Ukitaka nafasi kati ya madirisha, au sehemu ya ikoni ndogo juu, unatafuta kiraka, yaani faili linaloelekeza mistari gani ya msimbo iongezwe na ipi iondolewe. Kila kiraka kilishonwa kwa toleo fulani. Viraka viwili vikigusa mahali pamoja, cha pili kinashindwa kuingia, unaachiwa faili lenye mwisho wa .rej, na unashona kwa mkono. Ugumu haujaondolewa, umehamishiwa kwako. Toleo jipya likitoka unaanza upya, na mwenzako aliyechagua viraka hivyohivyo anapambana na tatizo lilelile peke yake. Mimi nina viraka saba na siku hizi toleo jipya likitangazwa najifanya sijaona.

Kuna na mtego wa config.def.h. Ukikompaili mara ya kwanza, faili hilo linanakiliwa kuwa config.h, na baada ya hapo halitazamwi tena. Nilikaa jioni nzima nabadilisha rangi kwenye faili lisilosomwa na mtu.

Linalonikera zaidi ni ukurasa wao unaojigamba kwamba ugumu huu unafanya watumiaji wabaki wachache na teule, bila wageni na maswali yao ya kijinga. Pengine ni utani. Lakini hebu tuangalie mgeni anakwama wapi hasa. Anaandika make, anaambiwa X11/Xlib.h haipo. Hapo hapimwi akili. Anakosa jina la kifurushi tu: kwenye Debian ni libx11-dev, pamoja na libxft-dev na libxinerama-dev. Anayevuka ni mwenye mtu wa kumuuliza, au bando la kutafutia. Programu inayofundisha vizuri hivi, kwa nini ifurahie kufukuza wanafunzi?

Halafu kuna suala la umri. dwm imefungwa kwenye X11, mfumo wa mwaka 1987, wakati GNOME na KDE zinahamia Wayland. Kuna dwl, iliyojengwa kwa mtindo uleule juu ya Wayland, lakini viraka vyako vya dwm huwezi kuvihamishia huko vilivyo.

Ukitaka kujaribu, usiguse eneokazi lako. Sakinisha Xephyr, ambayo inafungua skrini ya X ndani ya dirisha, uiwashe dwm humo. Na kabla hujaanza kuitumia kwa kazi halisi, futa kwenye config.h mstari wa Mod, Shift na Q. Ndio wa kutoka, unafunga kila kitu ulichofungua, na hauulizi mara mbili.