Kipimo cha Moto: Jinsi Mfupa wa Ng'ombe Unavyogeuzwa Seramiki

Mfupa umejengwa kwa vitu viwili vilivyoshikamana: nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazoupa unyumbufu, na madini ya kalsiamu na fosfati, yanayokaribia theluthi mbili ya uzito wake, ambayo huupa ugumu. Madini hayo ni ya jamii ya haidroksiapatiti, ambayo katika hali yake safi huwa na atomi 10 za kalsiamu kwa kila atomi 6 za fosforasi. Ndiyo malighafi kuu ya seramiki amilifu, yaani vitu vinavyochomwa kwa moto mkali lakini vikipandikizwa mwilini hushikana na mfupa hai badala ya kutengwa nao kwa utando wa kovu. Tanzania haina jina katika biashara ya vipandikizi hivyo. Hata hivyo, ina uzoefu wa muda mrefu wa kuyachoma madini yaleyale kwa kazi nyingine, katika kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, mkoani Arusha.

Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru hupitia miamba ya volkano na kubeba floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na matokeo yake ni meno yenye madoa ya kahawia na, mahali ambapo kiwango ni kikubwa zaidi, mifupa inayopinda. Dawa iliyotafitiwa Ngurdoto ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kisha husagwa, huchekechwa, huoshwa na kujazwa katika chujio. Maji yanapopita, floridi hunaswa juu ya uso wa madini, na sehemu yake huchukua nafasi ya haidroksili, yaani jozi ya oksijeni na hidrojeni, ndani ya fuwele, badiliko lilelile ambalo lingetokea katika mifupa ya mtoto anayeyanywa.

Siri yote iko katika joto. Likiwa chini mno, mabaki ya mafuta na protini huyapa maji harufu na ladha ambayo hakuna mnywaji atakayeivumilia. Likiwa karibu na nyuzi 400 hadi 500 za Sentigredi, kolajeni hugeuka kaboni na kuacha fuwele ndogo sana, zenye uso unaokaribia mita za mraba 100 kwa gramu moja. Likipita nyuzi 600 au 700, fuwele hukua na kuungana, uso hupungua, na mkaa uliokuwa mweusi au wa kijivu huwa mweupe, wa kupendeza machoni na dhaifu kazini.

Mtengenezaji wa kipandikizi huutafuta weupe huohuo, kwa sababu protini ya mnyama inaweza kuamsha kinga ya mwili, na hofu ya kichaa cha ng'ombe ilizidisha ukali wa masharti. Cerabone, kijazio cha mfupa kinachotengenezwa Ujerumani kwa mifupa ya ng'ombe, huchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,200, hivyo hubaki madini matupu yenye vitundu vya asili ambamo mishipa ya damu na seli zijengazo mfupa huweza kupenya. Gharama yake ni kwamba fuwele zilizokomaa kwa moto haziyeyuki kwa urahisi, na kipandikizi hukaa mwilini kwa miaka mingi. Moto unaosafisha ndio huohuo unaopunguza uchangamfu wa madini, na hakuna tanuri linaloweza kulikwepa jambo hilo.

Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alipita njia nyingine mwaka 1969, alipotengeneza kioo kilichoitwa 45S5, chenye asilimia 45 ya silika kwa uzito pamoja na oksidi za sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Kioo hicho huanza kuyeyuka mara kinapogusana na majimaji ya mwili: sodiamu hutoka na hidrojeni kuingia, utando wa silika kama ute hujengeka juu yake, na juu ya utando huo kalsiamu na fosfati hujipanga kuwa apatiti inayofanana na ya mfupa, ambayo kolajeni hujishika nayo.

Hata hivyo, seramiki hizi ni ngumu lakini huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo hujaza pengo tu na hazibebi uzito. Mgonjwa wa Kanazi, wilayani Ngara mkoani Kagera, aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda, anahitaji kwanza chuma cha kuushikilia mfupa. Na pengo likiwapo, kijazio kinachoaminika zaidi bado ni mfupa wake mwenyewe uliochukuliwa nyongani. Kutengeneza kijazio cha seramiki si rahisi pia: kuchoma mifupa ya machinjio katika shimo la wazi kungetoa vipande vyeusi, vya kijivu na vyeupe katika rundo moja, kwa kuwa joto la shimo halilingani kila mahali. Kwa kipandikizi, kila kundi la uzalishaji lazima lithibitishwe uwiano wa kalsiamu na fosforasi, ambao kwa haidroksiapatiti ni 1.67, ukubwa wa fuwele kwa kipimo cha eksirei, kiwango cha metali nzito, na usafi dhidi ya vimelea. Ng'ombe wapo Kagera. Tanuri lenye kipimajoto na maabara ya vipimo hivyo ndivyo vyenye gharama.