Sifa ya "Kali" na Kazi ya Mhakiki

Mwenye kuingia katika soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, hana haja ya kamusi apate kuona kazi nyingi za sifa hii moja. Kisu cha muuza samaki ni kikali. Ndimu ni kali. Pilipili ni kali. Jua la nje ni kali. Na bei ikipanda, nayo huitwa kali. Akirudi mtaani atamwogopa mbwa mkali, na mtoto atamshitakia ukali wa mwalimu.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hulifasiri neno hili kwa maneno kadhaa ya Kiingereza, wala haikuwa na budi, maana Waingereza hawana neno moja linaloenea kisu, ndimu, jua na mbwa. Lawama si juu yake. Lawama ni juu yetu sisi tunaoichukua orodha ya tafsiri tukaidhania kuwa ni orodha ya maana.

Rai yangu ni kwamba maana ni moja. Ukali si sifa ya kitu peke yake, bali ni habari ya vitu viwili vilivyokutana: kisu na nyama, ndimu na ulimi, jua na ngozi, bei na mfuko, mwalimu na mwanafunzi mzembe. Kwa hiyo pilipili iliyo kali kwa mgeni yaweza kuwa si kitu kwa mwenyeji. Pengine mtu atapinga kwa kutaja macho makali, yasiyomuumiza yeyote. Lakini hayo nayo yana yanachokipenya, nacho ni giza au umbali.

Jambo hili latuhusu sisi wasomi wa fasihi. Siku hizi vijana husifu kwa neno hili, na wanafunzi huandika katika insha zao kwamba riwaya fulani "ni kali". Wako waalimu wanaolifuta kwa wino mwekundu, wakidai kuwa ni lugha ya mitaani. Mimi silifuti, kwa sababu limekua kwa njia yake ya asili. Ila sentensi ile haijatimia. Riwaya imemkata nani, na wapi? Ni ukurasa gani uliomchoma msomaji, na kwa lipi?

Muuza pilipili akiulizwa juu ya ukali wa bidhaa yake, hukuambia uonje. Mhakiki naye na atuonjeshe, ndipo tutakapomwamini.